Mbwa Aliyeitwa Tunu

Foleni ya chanjo ya mbwa ilifika mpaka mlangoni. Fundi cherehani, gauni la manjano, futi ya kupimia bado shingoni, alimpakata mtoto wa mbwa aliyekuwa akimtafuna kifungo.

"Jina lake?" aliuliza mchanjaji, kijana wa koti jeupe na meno ya kuringia.

"Hana."

"Mtafutie. Liwe fupi, alishike haraka, na usione haya kulipaza barabarani."

"Sasa hivi?"

"Hata kesho. Nipe namba yako nikukumbushe."

Alimkumbusha kila jioni kwa miezi mitatu.

"Umepata jina?"

"Bado, Tunu wangu."

Tunu alikuwa yeye kijana, na jina hilo alipewa na fundi peke yake. Mbwa akabaki kuitwa Wewe.

Siku moja, kupitia kioo cha duka la viatu, fundi alimwona Tunu wake amepiga magoti akimvisha kiatu msichana wa gauni jekundu, wanacheka. Hakuingia, hakuuliza. Alizima simu. Wivu ukipanda, akili hushuka, na ya huyu ilishuka hadi chini kabisa. Jioni hiyo mbwa akapata jina.

"Tunu, mchafu wewe! Tunu, lala chini!"

Majirani wakacheka, naye akanogewa.

Jumapili ya pili, kwa kuwa simu haikupatikana, wageni walikuja bila taarifa: kijana ndani ya suti, mama yake, na mdogo wake wa kike aliyenunuliwa viatu vipya kwa siku hii ya kumposea kaka. Fundi alikuwa jikoni, hana habari.

"Tunu! Huna haya? Nitakufunga kamba ulie!"

Mama alimgeukia mwanawe. "Si ndivyo anavyokuita kwenye simu?"

"Kampa mbwa jina la mhuni mmoja aliyemwacha," alidakia jirani, asiyejua kufunga mdomo.

Fundi alitoka na mwiko mkononi. Akamwona yule msichana, sura ileile ya kaka yake, akaelewa yote. 

"Tunu, nisamehe!"

Mbwa na kijana waligeuka pamoja. Ua mzima ukaangua kicheko.

"Twende, mwanangu," alisema mama.

"Nitambadilisha jina, naapa!"

"Mbadilishe," kijana alijibu taratibu, kama anavyowaelekeza wateja. "Mpe kipande cha nyama kila akiitika. Wiki mbili tu, atasahau."

Mbwa alisahau ndani ya siku tisa. Kijana, mpaka leo, simu hapokei.