Nilimjibia Daudi Maswali Matatu

Nina miaka arobaini na nne, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, na hapa Dubai nimekaa miaka kumi na mitatu. Naandika haya nikiwa chumbani kwangu Al Baraha, begi limefungwa, nasubiri siku ya kuondoka. Msinihurumie. Someni kwanza, kisha mniite jina mnalotaka.

Nilikuja huku kuwa mlinzi wa hoteli kule Al Rigga. Nyumbani nilikuwa beki wa ligi mpaka goti likanikataa. Siku za mapumziko tulicheza mpira na vijana wa Kenya na Tanzania, mimi nikipiga kelele kuliko refa. Siku moja kocha mkuu wa chuo kimoja binafsi akaniona, akaniuliza kama ningeweza kufundisha safu ya ulinzi ya timu yake ya wanafunzi. Mimi! Mlinzi wa mlangoni, niitwe kocha! Nilimpigia mke wangu simu nikalia kama mtoto.

Lakini kazi hii ina jambo lake. Kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wake hufungasha naye, na viza zao zinafutwa. Kwa hiyo kila bao tulilofungwa niliona nimefungwa mimi... Nikawa mkali. Nilikuwa na sheria moja: beki wangu halali chini. Ukianguka, inuka. Ukilala na damu haionekani, kesho unazunguka uwanja mara ishirini juani. Vijana waliniogopa, nami nikadhani hiyo ndiyo heshima.

Miongoni mwao alikuwa Daudi, Mtanzania wa miaka ishirini, mzaliwa wa Korogwe. Mama yake anasafisha vyumba katika ile hoteli niliyokuwa nikilinda. Ni mimi niliyemwombea nafasi asome bila ada, maadamu anaichezea timu. Mama Daudi alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwalimu, sina mwingine. Nakukabidhi."

"Usijali kitu, dada yangu," nikamjibu. "Inshallah nitamtunza kama wangu."

Wiki moja kabla ya fainali, Daudi aligongana vichwa na mwenzake mazoezini. Aliinuka haraka. Angethubutu kulala? Siku zilizofuata alilalamika kichwa kinamuuma, mwanga unamsumbua. Nikamwambia ameze panadoli, anywe maji. Kwenye basi alikaa amejifunika taulo usoni, na wenzake wakiimba alikuwa akiziba masikio. Nilimwona! Kitu ndani yangu kiliniambia nimpumzishe, nikakinyamazisha. Kocha mkuu alikuwa ameshatuambia waziwazi: tukipoteza fainali, khalas, sote tunarudi makwetu.

Siku ya fainali jua lilikuwa kali hata nyasi zilikuwa za moto. Kipindi cha pili, tukiongoza moja bila, Daudi aliruka kuokoa kona akapigwa kiwiko kichwani. Akaanguka. Akainuka kabla sijafungua mdomo... kisha akaanza kutembea kuelekea benchi la wapinzani.

Biju, mtabibu wa timu, Mhindi mmoja mpole sana, alikimbia akamtoa pembeni. Akamuuliza maswali yale wanayoulizwa walioumia kichwa. Daudi, ambaye kila siku alikuwa akitaniana naye kwa Kiingereza, alimjibu kwa Kiswahili. Biju akanigeukia, akaniomba nimuulize mimi. 

"Daudi, tuko wapi hapa?"

"Tuko Korogwe, Mwalimu."

"Matokeo ni ngapi?"

"Mama kaenda sokoni."

"Leo siku gani?"

Akanitazama, akatabasamu. 

Nyuma yangu kocha mkuu alikuwa akipiga makofi. "Yalla, Swaleh, yalla! Anaweza au hawezi?"

Nikamgeukia Biju. Nikamwambia kijana amesema tuko uwanjani, tunaongoza moja bila, leo ni Jumamosi. Maswali matatu, majibu matatu, yote ya kwangu! Biju akaniuliza kama nina hakika. Nikasema wallahi. Niliapa, jamani... niliapa!

Daudi alicheza dakika kumi na moja. Kisha alikaa chini taratibu katikati ya uwanja, kama mtu anayekaa kwenye mkeka, akalala ubavu. Nilimwita ainuke. Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumfokea ainuke.

Tulishinda. Kombe lilikuwa linanyanyuliwa wakati ambulensi inatoka getini.

Damu ilikuwa imevujia kwenye ubongo. Walimpasua kichwa, akapona kwa maana ya kwamba yu hai. Leo anatembea kwa kushika ukuta, na neno dogo analitafuta muda mrefu. Kule hospitali mama yake alinikumbatia akanishukuru kwamba mwanawe alisikia lugha ya kwao kabla hajazimika. Na mimi nikazipokea zile shukrani!

Chuo kilipochunguza, Biju alisema alitegemea tafsiri yangu. Nilipoitwa, nikasema nilirudia tu aliyoyasema kijana, na uamuzi ulikuwa wa Biju. Hakubishana. Akafukuzwa, akarudi kwao India na mke na watoto wawili. Mimi nikapandishwa cheo. Waliniletea na keki, nikaila.

Miezi saba baadaye, asubuhi ya siku yake ya mapumziko, Mama Daudi alibisha mlangoni kwangu akiwa na simu mkononi. Mwanafunzi mmoja, Msyria aliyekuwa akirekodi mechi, alikuta kipande cha video akamtumia mama afurahi kusikia sauti ya mwanawe kama ilivyokuwa zamani. Kiswahili hakijui, kwa hiyo hakujua anatuma nini.

Mama Daudi aliichezesha video mbele yangu mara mbili. Kisha akasema polepole, "Kiingereza changu ni cha mashuka na taulo, Mwalimu. Mwanangu kasema yuko Korogwe. Wewe ukamwambia Mhindi nini? Nitafsirie."

Nikamtafsiria niliyomwambia Biju, jibu moja moja, yote matatu. Safari hii sikubadilisha neno.

"Alikuwa ananitafuta mimi," akasema, "na wewe ukamrudisha uwanjani." Hakulia. Alifunga mlango kwa upole, na heri angeuvunja.

Kesho yake nilikwenda ofisini nikasema ukweli wote. Nikafukuzwa, viza ikafutwa. Nilimwandikia Biju. Ameusoma ujumbe, hajajibu.

Jana nilimpigia simu Mama Daudi kuaga. Akapokea Daudi mwenyewe. Alihangaika kulitafuta neno, nami nikangoja... Akaniuliza mechi ni lini.

Ndugu zangu, huku ugenini wengi wetu huitwa tuwasemee wenzetu, hospitalini, kwa kafeel anayedhamini viza, polisi. Nawasihi, alichosema mtu kifikisheni kama alivyokisema, hata kama kitawanyang'anya mkate. Na ninyi makocha, mchezaji akiwaambia yuko kwao na mama kaenda sokoni, mtoeni nje. Mechi ikipotea, ipotee.