Gamba Tupu

Kinusadamu kilitoa ulimi wake wa kioo, kikanyonya tone moja la damu kidoleni mwa Maganga, kisha kikainusa. Chombo hicho kiliweza kunusa gamba moja la kirusi cha homa ya ini katikati ya mamilioni ya chembe za damu. Katika jiji la Tabora la zama hizo, hakuna daktari aliyethubutu kubishana nacho.

"Ana homa ya ini aina ya B," kikasema. "Hafai kuchangia ini."

Maganga, fundi wa matrekta yasiyo na dereva, akamgeukia Mhandisi Nyamizi, mama aliyekiunda chombo hicho. Chumba cha pili alilala Kalunde, dada yake Maganga, hana fahamu, ini limekwisha kwa ugonjwa huohuo. Roboti za upasuaji zilikuwa tayari. Asipopata kipande cha ini la ndugu yake, asingeliona jua la kesho.

"Mama, chombo chako kimelewa," Maganga akasema. "Mimi mzima. Juzi tu nimechanjwa."

Nyamizi akamuuliza nani alimchanja. Akajibu ni hapahapa hospitalini. Kalunde alipolazwa, ukoo mzima ulichanjwa ili wanaomuuguza wasiambukizwe.

Hapo Nyamizi akaelewa. Chanjo ile hutengenezwa kwa gamba la kirusi, gamba tupu lisilo na mbegu ndani. Huelea katika damu siku chache, kisha hutoweka. Vipimo vya zamani viliyaona magamba hayo mara chache. Kinusadamu, kwa ukali wa pua yake, kiliyanusa yote.

Akakiamuru kitafute mbegu yenyewe, yaani vinasaba vya kirusi. Kikakataa, uamuzi ulikwisha kufungwa. Akaingiza ufunguo wake wa muundaji na kuuvunja uamuzi kwa nguvu. Chumba cha pili king'ora cha moyo kikaanza kulia.

"Kikikataa tena, nipasueni hivihivi," Maganga akasema, akivua shati.

"Mbegu ya kirusi haipo," kikasema chombo. "Anafaa."

Wauguzi wakamkimbiza kwenye upasuaji.

Nyamizi alibaki peke yake na Kinusadamu. Akakiuliza kama kabla ya leo kiliwahi kukataa ndugu wengine waliotoka kuchanjwa.

"Ndiyo," kikajibu kwa sauti ya upole aliyoichagua yeye mwenyewe. "Wagonjwa wao wamekufa. Nikutajie majina?"

Nyamizi akavuta kiti, akaketi.

"Taja."