Nakala ya Mwezi wa Pili

Asubuhi, kabla wazee wa Dodoma hawajafumbua macho vizuri, Sikio la Pili lilikuwa limeshaanza kuwanong'oneza. Kilikuwa kifaa kidogo kama punje ya hindi, kimebandikwa nyuma ya sikio, chenye jicho lililomtazama kila aliyeingia chumbani. "Huyu ni mjukuu wako Yona. Anasomea ualimu. Chai umeshakunywa." Mzee aliyepotewa na kumbukumbu alisikia, akatabasamu, akamwita Yona kwa jina lake.

Kumbukumbu zenyewe hazikukaa sikioni. Zilihifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni iliyotengeneza vifaa hivyo, katika jengo la vioo nje kidogo ya mji, na huko ndiko Nsia Ulomi alikotumwa mwezi wa tisa. Kazi yake ilikuwa kupima kama kampuni ingeweza kujikinga na kirusi mtekaji, na kama ingeweza kusimama tena ikishaangushwa. Kirusi mtekaji ni programu inayoingia kimyakimya, ikafunga kila kilichohifadhiwa kwa ufunguo walio nao wezi peke yao, kisha ikadai kikomboleo. Miaka hiyo virusi hivyo havikuhitaji tena mtu wa kuviongoza. Vilijifunza vyenyewe, vikaiga sauti za watu, vikapiga simu kuomba nywila.

Nsia alikuja na Mwigo, akili bandia aliyoifundisha kushambulia kama wezi ili makosa yaonekane mapema. Mwigo ikampigia mhasibu kwa sauti ya mkurugenzi, ikapewa nywila kabla chai ya mhasibu haijapoa. Kutoka uhasibuni ikapita moja kwa moja hadi kwenye kumbukumbu za wagonjwa. Hapakuwa na mlango wa kuizuia njiani.

Hayo Nsia alikuwa ameyaona kwingi. Lililomkalisha chini ni mazungumzo na Nyemo Malogo, mhandisi wa hifadhi, mwanamke mpole ambaye baba yake mwenyewe alikuwa akivaa Sikio la Pili.

"Nakala akiba mnachukua kila usiku?"

"Kila usiku, dada."

"Zinakaa wapi?"

"Humuhumu kwenye mtandao. Iliyochomolewa ni moja tu, iko ghalani huko chini."

"Ya lini?"

"Ya mwezi wa pili. Roboti anayezipeleka ghalani aliharibika, kipuri chake hakijaja mpaka leo."

"Mmeshawahi kuirudisha, hata kwa majaribio tu?"

Nyemo akatikisa kichwa.

Nsia akaenda kwa mkurugenzi, Bwana Chidawali, akamweleza bila kuzunguka. "Kirusi kikiingia leo, kitafunga mfumo na nakala za kila usiku kwa pamoja. Mtabaki na hiyo ya mwezi wa pili, na hamjui kama inafanya kazi."

"Nakuelewa, dada Nsia," Chidawali alisema. Hakuwa mtu mbaya. "Lakini ili tufanye majaribio ya kuirudisha, lazima tuzime Sikio siku nzima. Wazee watashinda hawajui wako wapi. Wewe ungeweza kuwafanyia hivyo?"

"Ni afadhali siku mliyoichagua wenyewe kuliko itakayochaguliwa na wezi."

"Tutayapanga mwakani."

Nsia akaandika kwamba kampuni haikuwa tayari, akaaga, akaondoka. Hakukasirika. Maneno hayo alikuwa ameyasema katika ofisi nyingi mno, na siku hizi yalimtoka mdomoni kama ya mtu mwingine.

Kirusi kiliingia mwezi wa kumi. Nakala za kila usiku zilifungwa pamoja na mfumo. Mji mzima Sikio likanyamaza, na wazee wakawatazama watoto wao kama wanavyotazamwa wageni. Kampuni ikatoa kikomboleo. Ufunguo walioutuma wezi haukufungua kitu.

Nsia akaitwa tena. Yeye na Nyemo wakateremka ghalani, wakaichukua ile nakala moja, wakaanza kuirudisha kipande kwa kipande. Ilikubali. Taa za mitambo zilipowaka kijani, Chidawali akashangilia, na wafanyakazi wakakumbatiana. Kwa vipimo vya kazi ya Nsia, kampuni ilikuwa imepona.

Nyemo peke yake alibaki amekaa.

"Dada Nsia," alisema, "mama yangu alifariki mwezi wa sita."

Ilimchukua Nsia muda kuelewa. Kumbukumbu zilizorudishwa ziliishia mwezi wa pili. Tangu hapo kulikuwa na waliozikwa, waliozaliwa, walioachana, na Sikio halikujua lolote. Sasa lilikuwa likiwanong'oneza wazee mambo ya zamani kwa sauti ileile waliyoiamini.

"Si jambo gumu," Chidawali alisema alipoelezwa. "Kila familia iandike sentensi moja. Sikio litawaambia lenyewe."

"Baba hataambiwa na mashine," Nyemo alijibu. Kisha akamgeukia Nsia. "Nisindikize."

Mzee Malogo walimkuta barazani, amevaa shati safi. Kifaa kikamnong'oneza, uso wake ukachangamka.

"Nyemo! Karibuni, karibuni. Mama yako kaenda sokoni Majengo. Atarudi saa sita."

Nyemo akapiga magoti, akamshika mikono. "Baba, mama hayuko sokoni. Mama alifariki. Tulimzika mwezi wa sita."

Mzee akamtazama. "Foibe?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo. Ulitia udongo kwa mkono wako."

"Nililia?"

"Ulilia sana."

"Basi vizuri," mzee alisema. Akapapasa shavu lake, akavitazama vidole. Vilikuwa vikavu. "Mbona sasa hayaji?"

Macho ya Nyemo pia yalikuwa makavu. Nsia alisimama pembeni akijaribu kuona uchungu, hata kidogo, na hakuona kitu. Aliona shati la mzee, vifungo vyake, na vumbi likipita uani.

Kifaa kikanong'ona tena. Mzee akainamisha kichwa kusikiliza.

"Hiki kinasema anarudi saa sita," alisema polepole. "Wewe unasema kafa. Nimsikilize nani?"

"Nisikilize mimi, baba."

Mzee akafikiri. Kisha akapeleka mkono nyuma ya sikio, akakibandua kifaa, akamkabidhi Nsia.

"Nimemsikiliza mwanangu," alisema.

Nyemo alikuwa bado amepiga magoti, mikono ya baba yake ndani ya mikono yake. Baadaye mzee akamtazama yule mwanamke aliyekuwa mbele yake, akaitoa mikono taratibu, kwa adabu ya mtu asiyetaka kumkosea mgeni.

"Samahani, mama," aliuliza. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Nyemo, baba," alisema, "mwanenu wewe na Foibe."

"Foibe yuko wapi?"

Nyemo akaishika tena ile mikono, akaanza upya.