Mtoto Asiyetajwa

Caroline alitwanga mahindi huku jicho likiwa mkekani. Hapo alilala Kahonzi, bintiye wa miezi minne. Kila siku degedege lilimshika. Watu wa Jilore walisema ni nyuni, yule ndege wa pepo. Mtoto alivishwa hirizi. Dawa za hospitali alinyweshwa. Degedege halikusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Asubuhi hiyo alikuja Easter, jirani yao na mhudumu wa afya wa kijiji.

"Mama Kahonzi, daktari wa Kilifi anauliza tena. Kuna mtoto mwingine aliyeugua hivi?"

"Hakuna," alijibu Caroline haraka.

Alisema uongo. Kifungua mimba wake, Mwaringa, alikufa akiwa na wiki tatu. Kwao mtoto mchanga akifa hatajwi, asije akamwita mwenzake. Caroline aliliogopa jina lile kuliko kaburi lenyewe.

Mara Kahonzi akakakamaa. Macho yaligeuka. Easter alimlaza ubavu.

"Usimtie kitu mdomoni," alisema.

"Mwaringa wangu alikufa hivi hivi," alilia Caroline.

Degedege lilipopita, Easter alimshika mkono. "Jina haliui, dada. Kuficha ndiko kunatuchelewesha. Watoto wawili wa tumbo moja, huenda ni ugonjwa wa kurithi. Mwili hujengwa kwa maagizo, na maagizo hayo yamo hata kwenye damu. Maabara huyasoma herufi kwa herufi, kutafuta penye kosa. Watachukua damu kidogo ya mtoto, yako na ya baba yake."

"Na kosa likiwa langu?"

"Tujue kwanza."

Siku ya majibu, Caroline na mumewe Dena walikaa kama wanaosubiri hukumu.

"Kila mmoja wenu alibeba kosa moja bila kuugua," alisema daktari. "Mtoto alirithi yote mawili. Hakuna wa kulaumiwa. Anahitaji vitamini B6 nyingi, kila siku, maisha yake yote, kwa kipimo chetu. Si kila degedege hutibiwa hivi. Ndiyo maana tulipima."

Wiki ikapita bila degedege. Hofu haikuondoka. Adhuhuri moja Caroline alisikia kimya, akatupa mchi, akakimbilia mkekani. Kahonzi alikuwa anapumua taratibu.

Caroline aliketi kando yake.

"Mwaringa," alisema kwa sauti, "dada yako amelala tu."