Mwanasesere wa Ngano Juu ya Dohani

Mkate ulinuka udongo.

Tamsin ndiye aliyeukata, mkate wa kwanza wa ngano mpya, asubuhi ya sikukuu ya mavuno. Mumewe, Jory, alinusa, akacheka. "Umeukandia shambani, mke wangu?"

Loveday, shangazi yake Jory, hakucheka. Nyumba hiyo ya Cornwall, Uingereza, ilifuata miungu ya kale, na kila mavuno yeye ndiye aliyetandaza karata za taroti, za kupigia ramli, mezani, ili kila mmoja ajiulize amepanda nini na amevuna nini. Alifunua ya kwanza: Malkia mja mzito, ameketi kati ya ngano. Tamsin akashika tumbo lake, akatabasamu.

Ya pili: Mauti, na mundu wake mrefu.

Loveday akazichanganya, akatandaza upya. Malkia. Mauti.

"Karata hizo zimegandana kwa jamu, Shangazi," Jory alitania.

Kwenye rafu ya dohani, juu ya meko, kitu kikavu kikachakarisha. Loveday akainua macho. "Tamsin," alinong'ona, "yule ni wa mwaka gani?"

Alikuwa mwanasesere aliyesukwa kwa masuke ya mwisho ya mwaka uliopita. Roho ya ngano hukimbilia humo, hupewa hifadhi nyumbani wakati wa baridi, kisha masika hurudishwa ardhini plau inapopita mara ya kwanza.

"Alikuwa mzuri mno, Shangazi. Nilifukia mabua matupu."

"Umemnyima udongo, mwanangu! Sasa anatafuta pa kuota."

Wakatoka mbio kuelekea shambani, Loveday amemfunga mwanasesere kwenye aproni, na kila hatua alizidi kuwa mzito, mzito na vuguvugu kama mtoto aliyelala, huku mabua yaliyokatwa yakiinama kumwelekea Tamsin ilhali upepo haukuwepo, hata Jory, ambaye utani ulikuwa umemkauka kinywani, akapiga magoti akachimba kwa kucha, wakamfukia, wakamwagia pombe ya tufaha, wakamwomba radhi.

Waliporudi, mkate ulinukia mkate. Loveday akafunua karata: Malkia, peke yake.

"Roho ya ngano imeondoka," alisema.

Tamsin alilia kwa furaha. Jory akaweka sikio tumboni mwa mkewe amsalimu mwanawe, akatulia, na tabasamu lake likafifia polepole.

"Anapiga teke?" Tamsin aliuliza.

Jory akakandamiza sikio zaidi. Mle ndani, taratibu, masuke makavu yalikuwa yakisuguana.