Rudia Kwanza Alichosema Mwenzako

Msimu wa korosho tunaamka alfajiri kuokota zilizoanguka. Lakini mwaka ule bei ilipopanda, mume wangu Iddi alianza kwenda shambani na panga. Kuokota korosho hakuhitaji panga.

Mikorosho ile ilipandwa na baba yake. Watu walipohamishiwa vijijini, shamba likaachwa likawa pori. Jirani yetu Mikaeli akalipalilia miaka mingi. Mwaka ule wanunuzi binafsi walipofika kijijini kwetu Kitomanga, Iddi na Mikaeli kila mmoja akasema shamba ni lake.

"Mboni, Mikaeli naye ana upinde," Iddi aliniambia. "Nitamwahi kabla hajaniwahi."

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa Tekla, mwanafunzi wa chuo kikuu. Kituo cha amani cha chuo chao kilimtuma kijijini miezi miwili, ajitolee na kujifunza usuluhishi.

"Dada Tekla, watauana."

"Mwenyekiti wa kijiji anajua?"

"Naogopa kumwambia."

"Twende wote. Peke yangu, na mimi naogopa."

Tukaenda. Mwenyekiti akawaita Iddi na Mikaeli ofisini, waje mikono mitupu. Iddi alimtazama Tekla.

"Binti wa juzi huyu ndiye atusuluhishe? Korosho yenyewe anaijua ikishakaangwa."

"Kweli, shemeji. Ndiyo maana sitaamua mimi. Mtasema nyinyi. Ila kabla ya kujibu, rudia alichosema mwenzako, mpaka akubali kwamba umemsikia."

Mikaeli akaanza. "Mwaka huu nimeipulizia mikorosho salfa ya kuzuia ukungu. Nikinyang'anywa, wanangu watakula nini?"

"Anasema shamba ni lake," Iddi akadakia.

"Sikusema hivyo."

Iddi akajaribu tena, akakosea tena. Mara ya tatu akasema polepole, "Amepulizia salfa. Anaogopa wanawe watalala njaa."

"Hapo umenisikia."

Ikawa zamu ya Iddi. "Baba yangu kazikwa mle. Nikiondoka, nitakuwa nimemtupa."

Mikaeli akarudia. "Baba yako kazikwa mle. Hutaki kumtupa. Yale mawe, basi, ni kaburi? Nilikuwa nayazunguka tu na jembe. Sikujua, ndugu yangu."

Wakakubaliana: mavuno ya mwaka ule yawe ya Mikaeli, halafu mikorosho igawanywe nusu kwa nusu, upande wa kaburi uwe wetu. Mwenyekiti akaandika, wote wawili wakatia sahihi.

Wiki nzima bado nilikuwa nikishtuka kila mlango ukigongwa. Wale wawili hawaongei sana hata leo. Lakini msimu ule hatukuzika mtu.