Siki Kiasi cha Kutosha

Kila asubuhi Cosimo Lorusso alianza siku kwa ishara ya msalaba, kisha kahawa, kisha kuchanganyikiwa.

Ilikuwa Machi 2020. Mkewe, Dora, alikuwa amekwenda Bologna kumsaidia binti yao aliyejifungua. Alikusudia kukaa siku kumi. Korona ikaingia, barabara zikafungwa, Dora akabaki huko. Cosimo akabaki peke yake mjini Mola, kusini mwa Italia, katika jiko ambalo kwa miaka thelathini na tisa hakujua hata chumvi inakaa wapi.

Amri mpya zilitoka kila siku. Leo kutembea kunaruhusiwa, kesho hakuruhusiwi. Fomu ya ruhusa ya kutoka nje ilibadilishwa mara kadhaa, na yeye kila mara alijaza ile ya zamani. Viatu viachwe mlangoni? Machungwa yaoshwe kwa sabuni? Rafiki yake mmoja alimwambia kwenye simu kwamba siki inaua virusi. Basi Cosimo akafuta vitasa kwa siki. Akafuta funguo, mifuko ya sokoni, hata televisheni. Nyumba nzima ikanuka kachumbari.

Mwishoni mwa mwezi mchuuzi alimwachia mlangoni kreti ya artichoki changa, zile mboga za matumba ya maua, ndogo kama ngumi ya mtoto. Kila majira ya kuchipua Dora huzihifadhi katika mafuta ya zeituni.

"Mwaka huu nitazihifadhi mimi," Cosimo alijisemea. "Na chupa moja nitampelekea Immacolata kwa Pasaka."

Immacolata alikuwa dada mkubwa wa Dora. Alikuwa na miaka sabini na minane na aliishi peke yake mtaa wa tatu kutoka hapo.

Cosimo akafungua daftari la mkewe. Akasoma: "Chemsha katika maji na siki q.b."

Herufi hizo mbili wapishi wote wa Italia huziandika. Maana yake ni "kiasi cha kutosha".

"Kitoshe nini?" Cosimo aliliuliza daftari. "Kimtoshe nani?"

Angeweza kumpigia Dora simu. Lakini Dora angecheka, na binti yao naye angecheka. Akatazama chupa ya siki. Baada ya kufuta nyumba nzima, ilibaki kama vijiko vitatu.

"Bwana, mikate mitano uliifanya iwatoshe watu elfu tano," alisali. "Tafadhali ifanye na siki hii itoshe."

Akaimimina yote katika sufuria ya maji. Akachemsha artichoki, akazipanga katika chupa sita pamoja na vitunguu saumu vibichi na nanaa. Akazifunika kwa mafuta. Zilipendeza kama vito. Chupa moja akaitia mfukoni, akautundika mfuko kwenye mlango wa Immacolata, akagonga, akaondoka.

Jumamosi Kuu makanisa yalikuwa yamefungwa. Watu walisali kwenye televisheni. Cosimo alitoka rosheni na chupa moja mkononi. Kwenye rosheni iliyofuata alikuwa Nunziella, jirani yake, aliyefanya kazi idara ya afya kabla ya kustaafu.

"Dada Nunziella, unaona? Mwambie Dora asiharakishe kurudi!"

"Makubwa! Cosimo na mwiko? Umetia siki kiasi gani?"

"Cha kutosha."

"Ndiyo kiasi gani?"

"Vijiko vitatu. Nyingine niliulia virusi."

Nunziella aliacha kucheka. "Weka chini hiyo chupa, jirani. Usiifungue, usionje."

"Lakini haijaoza. Mafuta yanahifadhi!"

"Mafuta hayaui kitu. Yanazuia hewa tu. Kuna kijidudu cha udongoni kinachopenda mahali pasipo hewa. Humo ndani kinatengeneza sumu. Huioni, huinusi. Mtu akila, anaona kitu kimoja viwili. Kope zinalegea, kumeza kunamshinda, mwisho hata kupumua. Akiona dalili hizo, ni hospitali mara moja."

"Lakini nilichemsha!"

"Maji yanayochemka hayaviui vijidudu hivyo vinapokuwa kama mbegu. Kinachovizuia ni ukali wa siki. Na hiyo siki yako haiui korona. Mikono inataka sabuni na maji. Siki inatakiwa kwenye sufuria. Wewe umegeuza mambo."

Cosimo akashika ukingo wa rosheni. "Immacolata," alisema.

Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, na tena. Huenda alikuwa akisali rozari na sauti ya televisheni juu kabisa. Au huenda alikuwa sakafuni, hawezi kuinua kope.

Akachukua fomu. Sababu ya kutoka: kazi? Afya? Mahitaji ya lazima? Akaweka alama penye "afya", akaandika pembeni: "Artichoki za shemeji." Akavaa barakoa, akatoka mbio, na njia nzima alirudia, "Mama Maria, asiwe amekula."

Aligonga mlango wa Immacolata kwa viganja vyote viwili.

"Nani anavunja mlango siku takatifu?"

"Mimi, shemeji! Umekula zile artichoki?"

Mlango ukafunguka kidogo. Immacolata akamtazama juu hadi chini. "Ulizipika wewe?"

"Mimi."

"Basi ningelaje? Nimekuwa nikisubiri nisikie kama wewe mwenyewe umepona."

Cosimo akakaa kwenye ngazi, akalia na kucheka kwa pamoja. Akaondoka na chupa ile bila kuifungua. Zote sita zilikwenda kwenye taka, zikiwa zimefungwa.

Baada ya Pasaka Nunziella alimfundisha toka rosheni hadi rosheni.

"Siki ya dukani, angalia kibandiko: asidi asilimia tano au zaidi. Kikombe kimoja cha siki kwa kikombe kimoja cha maji. Siki iongezeke ukitaka, isipungue. Mboga zichemke humo dakika chache. Vitunguu saumu na nanaa navyo vipite humo humo."

"Halafu?"

"Zichuje, zikauke juu ya kitambaa safi. Chupa zichemshwe kwanza. Mafuta yafunike kila kitu. Ukishafungua, weka kwenye friji, umalize kwa siku chache."

Juni barabara zilifunguliwa na Dora akarudi. Julai na Agosti walisaga nyanya za mchuzi. Septemba ikawa zamu ya bilinganya. Dora alishika chupa ya siki, akaanza kumimina kwa macho.

"Simama!" alisema Cosimo. "Pima kwa kikombe."

"Unanifundisha mimi kupika?"

"Mke wangu, nilimkimbilia dada yako nikidhani nimemuua."

Dora akashusha kikombe kutoka kabatini, akampa. "Haya, pima wewe. Mimi nimekisia maisha yangu yote, Mungu akanisitiri."

Novemba amri za kukaa ndani zilirudi. Cosimo alimtundikia Immacolata chupa ya bilinganya mlangoni. Siku nne zikapita kimya. Alisali kila jioni, ingawa alijua alipima vizuri.

Siku ya tano simu ikalia.

"Chupa imekwisha," alisema Immacolata. "Na sijafa. Lete nyingine."